Sahani ya Chapwa

Ukisikia mtu anaambiwa amekula chumvi nyingi, jua anasifiwa: ameishi sana, ameona mengi, asikilizwe akisema. Mzee ninayemsimulia hapa alikuwa amekula chumvi nyingi kwa maana hiyo, na kwa maana ya pili pia, na hiyo ya pili ndiyo iliyompeleka hospitali. Mtaani kwetu Temeke alijulikana kama Refa. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, likisomwa kwenye mkutano wa balozi wa nyumba kumi, na watu wakageuka huku na huku kumtafuta huyo anayeitwa. Wala sijui alizaliwa wapi. Alitoka bara, na bara ni kubwa. Nitaeleza niliyoyaona mwenyewe mezani, na sitayatia chumvi, maana mwenyewe alikatazwa.

Nilimjua kwa sababu ya njaa. Nilikuwa kijana wa kusini, nimeingia Dar es Salaam miaka michache baada ya uhuru, nikapata kazi kwenye kiwanda cha nguo na chumba cha kupanga chenye dirisha dogo lisilofunguka. Kapera wa chumba kimoja hapiki. Nilikula kwa Bi Mwanahawa, kwenye banda la mabati lenye mabenchi mawili na meza moja ndefu, ambalo sote tuliliita hoteli ingawa halikuwa na kitanda hata kimoja. Bi Mwanahawa alikuwa mama wa Kimbiji, mnene wa mikono, mwepesi wa ulimi, na mchuzi wake wa nguru ulikuwa ukitutoa watu kazini kabla ya kengele.

Mchana kila mtu alikula sahani yake, kwa haraka zake. Jioni ndipo mambo yalipokuwa mazuri. Makapera wa mtaa tulichanga tukaletewa sinia moja, wali umejazwa kama kichuguu na samaki juu yake, tukanawa, tukalizunguka. Mkuu wa sinia alikuwa Refa. Yeye hakuwa kapera kama sisi, alikuwa mjane, lakini tumbo halijui tofauti hiyo. Hakuna aliyemgusa samaki kabla Refa hajamgawa. Alimgawa kwa vidole vitatu, taratibu, kila mtu akiwekewa kipande mbele yake, na hata siku moja sikuona mtu akilalamika. Mkono wako ukipita mpaka ukaingia upande wa mwenzio, alikunyooshea kidole. “Umeotea!” Basi unarudi nyuma, tena kwa aibu, kama mshambuliaji aliyenyimwa bao.

Urefa alikuwa nao kila mahali. Kazi yake ya mshahara ilikuwa karakana ya reli, huko alichomelea vyuma mpaka akastaafu, lakini Jumapili alichezesha mechi za mtaa kwenye kiwanja cha vumbi, akiwa na kaptura nyeusi iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Siku za kazi aliendelea kuchezesha. Kwenye foleni ya bomba aliwapanga akina mama na ndoo zao. Ndugu wawili wakigombana barazani alisimama katikati yao, mikono nyuma, akawaambia, “Bado dakika za nyongeza, semeni yote sasa hivi, baadaye sitaki kusikia.” Watu walimcheka, kisha wakamtii.

Lakini mtu wa namna hiyo hapendwi moja kwa moja. Wakati mmoja aliwapa wageni penalti dhidi ya timu ya mtaani kwetu, mechi inakaribia kwisha, na ilikuwa penalti kweli, mwenye macho haambiwi tazama. Tulifungwa. Wiki nzima watu walimwamkia nusunusu. Nilimwuliza kama haoni vibaya. Akaniambia, “Kijana, refa hana timu. Akiwa nayo, hana kazi.” Alisema kwa kujivuna, na mimi kwa ujana wangu nikadhani ni maneno ya mtu asiyehitaji watu. Kumbe jioni ileile aliwahi kufika hotelini kuliko sote, akakaa mahali pake kwenye benchi, akatungoja.

Nyumbani kwake hakukuwa na mtu. Mkewe alikufa kabla sijahamia mtaa ule, na binti yao wa pekee aliolewa Mwanza, akawa mtu wa salamu. Chumba chake kilikuwa safi, nilikiona mara moja nikiwa mlangoni. Jiko la mkaa lilikuwa chini ya kitanda, limegeuzwa juu chini, na ndani ya sufuria alikuwa amehifadhi soksi za mpira. Nikamwuliza kwa utani kama soksi zimeshaiva. Hakucheka. Akaniuliza, “Nipike, nimpakulie nani?”

Neno hilo nilikuja kulisikia tena kwa daktari. Ilikuwa hivi. Jumapili moja, kipindi cha pili kimeanza tu, Refa aliketi chini katikati ya kiwanja. Hakuanguka, aliketi kabisa, filimbi mkononi, akatuambia mpira uendelee. Sote tulisimama tukamtazama, maana hatujapata kuona refa aliyeketi. Kichwa kilikuwa kinamgonga na macho yanaona mawili mawili. Kesho yake nilimsindikiza hospitali. Daktari alikuwa kijana mwenzangu, mpole, amerudi karibuni kutoka masomoni. Alimfunga ule mpira wa mkononi, akaupuliza, akautazama, akaupuliza tena.

“Mzee, damu yako inasukuma kwa nguvu mno. Hii ni presha. Lazima upunguze chumvi, tena upunguze kweli. Unakula wapi?”

“Hotelini.”

“Hapo ndipo penye ugonjwa. Hotelini hujui wametia kiasi gani. Upike nyumbani.”

“Nipike, nimpakulie nani?”

Daktari alinitazama kama vile aniulize huyu mzee ana akili zake sawa. Nikatazama ukutani. Basi akaona amfundishe namna ya kula huko huko. Mchuzi usimwagiwe juu ya wali, uwekwe pembeni, achovye kidogo. Papa mkavu na nguru wa chumvi asiwaguse kabisa. Supu aiache, maana chumvi yote hushuka humo. Aombe chakula chake kitolewe jikoni kabla hakijatiwa chumvi, na akitaka ladha akamulie ndimu, atie pilipili, ale na kitunguu kibichi. Nilimwona Refa anachangamka kadiri daktari alivyoendelea. Njiani akaniambia, “Kumbe ina sheria zake! Kitu chenye sheria hakinishindi.”

Sasa ngoja nieleze alivyoshindwa. Refa alikuwa amekaa pwani miaka mingi, lakini Kiswahili cha jikoni kilimpita pembeni. Alikuwa amesikia watu wakisema samaki wa chukuchuku, wali wa chukuchuku, naye akaelewa kwamba chukuchuku ni kitu kitupu, kisicho na chochote. Hakutaka kumweleza Bi Mwanahawa habari za ugonjwa wake, mwanamume na presha yake ni siri. Kwa hiyo aliketi jioni ile, akainua mkono, akaagiza, “Mie kuanzia leo nipikie samaki wa chukuchuku.” Bi Mwanahawa akafurahi. Chukuchuku ni samaki bila nazi, hana gharama, ila amechemshwa kwa ndimu na chumvi, na kwa sababu hana nazi ya kumfunika, chumvi yake ndiyo inayosema. Refa alimla kwa raha kuu siku nyingi. Akawa anatuambia, “Mnaona? Mtu akizoea, hata kisicho na chumvi kinakuwa kitamu.”

Aliporudi kupimwa daktari alimgombeza kama mtoto. Damu ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. Refa alitoka hospitali moja kwa moja mpaka hotelini, mchana kweupe, watu wamejaa, akasimama mlangoni.

“Bi Mwanahawa! Mie nimekuomba chukuchuku, wewe unanitilia chumvi. Hii ni faulo!”

“Faulo ya nini, Mzee Refa? Chukuchuku ni bila nazi. Nani kakwambia bila chumvi?”

“Sasa bila chumvi inaitwaje?”

“Inaitwa chapwa,” akasema Bi Mwanahawa, na benchi zima likaangua kicheko, maana chapwa si jina la chakula, ni tusi la mpishi. “Na kwangu hapa, Mzee wangu, chapwa haijapata kutoka jikoni.”

Kicheko kilipokwisha Refa bado alikuwa amesimama pale. Akalazimika kusema mbele ya watu wote alichokuwa anakificha: kwamba ni mgonjwa, na kwamba daktari amemwambia chumvi itamuua. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Bi Mwanahawa aliweka upawa chini, akajifuta mikono kwa kanga. Nilidhani atamhurumia papo hapo, lakini mpishi ana heshima yake kama refa alivyo na yake.

“Nitakutolea chako kabla ya kutia,” akasema. “Lakini uwaambie watu mwenyewe kwamba ni wewe uliyetaka. Mtu akionja sahani yako akaenda kusema Mwanahawa kasahau kupika, mie na wewe basi.”

Hivyo ndivyo sahani ya chapwa ilivyoanza. Kisufuria chake kilichemka pembeni ya jiko, na kila kikitoka Refa alitangaza kama mwadhini wa msikitini, “Hii ya kwangu ni chapwa, nimeitaka mwenyewe!” Tulicheka mwanzoni. Wengine wakaanza kumwita Mzee Chapwa, naye akajifanya hasikii. Alikamulia ndimu, akaponda pilipili mbuzi, akatafuna kitunguu mpaka machozi yakamtoka, akasema hayo machozi ni ya kitunguu.

Lakini sahani yake ilikuwa sahani yake. Hapo ndipo lilipokuwepo jambo ambalo daktari hakulifikiria, wala sisi hatukulifikiria. Huwezi kutia mkono kwenye sinia lililotiwa chumvi ukala nusu isiyo na chumvi. Refa alikaa nasi kwa siku chache na sahani yake mapajani, sisi tumelizunguka sinia, yeye nyuma ya mabega yetu. Samaki alibaki bila mwenye kumgawa. Siku ya kwanza tulimtazama Refa, kisha tukatazamana, mwishowe mmoja wetu akamrarua tu, na tangu siku hiyo kila mtu alikula kwa kuwahi. Kwetu mtu hutengewa sahani akiwa na kifua kikuu, au akiwa amegombana na nduguze. Wapita njia walioona waliuliza kimya kimya ni lipi kati ya hayo mawili.

Halafu likaja la dawa. Kwa watu wa pwani, jua likishazama chumvi haitajwi kwa jina lake. Ukienda kuazima kwa jirani unaomba dawa ya mboga, na jirani anaelewa. Refa, mtu wa bara, mwanzoni aliliona jambo hilo la kuchekesha, lakini kwa vile ni sheria akaishika kuliko wenye nayo. Jioni moja alikuwepo mgeni kwenye sinia letu, dereva wa lori aliyetoka bara juzi juzi, mtu mkubwa mwenye hamu ya kula. Ameshanawa, ameshakunja mikono ya shati, mara Refa kutoka kwenye sahani yake akaita jikoni:

“Bi Mwanahawa, mie changu umekitoa kabla ya dawa?”

“Nimekitoa kwa mkono wangu huu!” Bi Mwanahawa akajibu. “Chako hakina kitu. Dawa nimetia kwenye cha wenzio.”

Yule dereva alisimama. Alitutazama mmoja mmoja, akatazama sinia, akatoka bila hata kujifuta mikono. Tulimwita, tukamweleza kwa kupiga kelele, na kadiri tulivyoeleza ndivyo alivyoongeza mwendo. Hadi asubuhi mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba kuna mzee hotelini kwa Mwanahawa ambaye hali chakula mpaka kitolewe kabla ya dawa, na wengine wanalishwa. Sisi tuliojua ukweli tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wateja wakapungua. Bi Mwanahawa alikwenda kwa balozi kujieleza, balozi akaja kula pale hadharani kuwatuliza watu, lakini uvumi ni kama harufu ya ng'onda, yule samaki mkavu, unaufungulia dirisha na bado umo.

Mwisho Bi Mwanahawa alimwomba Refa, kwa adabu, ahamie mwisho wa benchi, kule karibu na jiko, ale mapema kabla watu hawajajaa. Alimwomba akiwa ameinama, na nina hakika lilimwuma. Refa akasema, “Hakuna neno, mama, uwanja ni wako.” Akahama. Kuanzia hapo ukifika jioni unamkuta kule kwenye moshi, ameshamaliza, sahani imepanguswa, lakini haondoki. Anakaa kututazama. Mara nyingine anauliza, “Leo imekolea?” Ukimjibu imekolea anatikisa kichwa kwa kuridhika, ukimjibu chumvi imezidi anacheka, “Ningekuwa hapo ningewaambia.” Alitaka kujua kila siku. Mimi nilikuwa namjibu huku nimemgeuzia mgongo, kwa sababu ndivyo benchi lilivyokaa.

Msifikiri alikuwa mtu wa kusikitika tu. Alikuwa na ukaidi wake na vituko vyake. Yeye Mkristo wa kwenda kanisani, lakini mwezi wa Ramadhani hakukosa futari ya mtaani hata siku moja, alikaa kwenye mkeka na Waislamu akisubiri adhana kwa uvumilivu kuliko wao, na kaptura yake nyeusi. Watu walimletea muhogo uliochemshwa mtupu na tende. Wakati huo alikuwa mtu mwingine, anasimulia mechi za zamani, anaigiza walinda mlango. Alikuwa pia mwongo kidogo kwa daktari wake. Nilimsikia akiulizwa kama sasa anapika nyumbani, akajibu kwamba anapika sana, mpaka majirani wanaomba mapishi. Na alikuwa na adui mmoja tu, papa mkavu wa nazi. Bi Mwanahawa akimpika yule papa, harufu ikijaa bandani, Refa alitoka nje akasimama barabarani mpaka iishe. Aliniambia angeweza kuacha pombe, sigara na hata mpira, lakini papa wa nazi ndiye aliyemwoa.

Sasa nifike kwenye siku zake njema. Miaka ile bidhaa ziliadimika, kila mtu wa rika langu anakumbuka. Leo sabuni hakuna, kesho sukari, duka la ushirika lina rafu na mwuza duka tu, naye anapunga nzi. Ikafika zamu ya chumvi. Mwanzoni tulidhani ni utani, nchi yenye bahari ndefu namna hii ikose chumvi! Lakini ikakosekana. Bi Mwanahawa alituma watu mpaka kwao Kimbiji, wakarudi na kidogo, kikaisha. Jioni moja akatuletea sinia akiwa amefunika uso nusu kwa kanga.

“Wanangu, nisameheni. Leo ni chapwa.”

Watu walinung'unika, mmoja akasukuma sinia. Refa alikuwa kule mwisho na sahani yake. Akasimama, akaja polepole, akatazama chakula chetu kwa juu.

“Haina?”

“Haina, Mzee.”

“Hata kidogo?”

“Hata ya kupakia kidonda.”

Akaimimina sahani yake katikati ya sinia. Akasema, “Sogeeni.” Tukasogea, akakaa mahali pake pa zamani, akamchukua samaki kwa vidole vitatu akaanza kugawa.

Sijapata kuona mtu aliyenufaika na uhaba kama yeye. Nchi nzima ilikuwa inalia chumvi, Refa ananenepa. Alitufundisha kula chapwa kama mwalimu wa darasa la kwanza: usitafune haraka, ndimu ikamuliwe kwenye samaki si kwenye wali, embe bichi likatwe jembamba, pilipili isagwe na kitunguu. “Ulimi ni mwanafunzi,” alisema, “mnauonea kuuita mkaidi.” Na kweli ulimi ukajifunza kiasi. Jioni zile tulikawia mezani kuliko kawaida, alisimulia, alitucheka, alitutoza faini za kuotea, na Bi Mwanahawa alikaa mlangoni mwa jiko akisikiliza. Mimi mwenyewe nilifurahi, nasema wazi. Nilikuwa kijana niliyeacha wazee wangu mbali, na nilikuwa sijatambua jinsi nilivyomkosa yule mtu aliyekaa hatua chache nyuma ya mgongo wangu.

Chumvi ilirudi, kama kila kitu kilivyorudi kwa zamu yake. Aliileta mtu mmoja kwenye mfuko wa karatasi, akauinua juu kama kombe, hoteli nzima ikapiga makofi. Bi Mwanahawa alipiga vigelegele. Refa naye alipiga makofi, tena kwa nguvu. Kisha, kabla mtu yeyote hajamwambia neno, akanyanyuka, akaenda jikoni kuchukua sahani yake, akaketi mwisho wa benchi. Tulikuwa na njaa ya miezi, mchuzi ulikuwa umekolea, tuliinama tukala. Nikikumbuka jinsi lile sinia lilivyokuwa tamu jioni ile, bado naona uchungu.

Baadaye nilioa nikahamia Kinondoni. Nilimwalika kwangu Jumapili moja, na mke wangu, niliyekuwa nimemweleza yote, akapika chakula cha nyumba nzima bila chumvi ili tule pamoja. Refa aligundua kwenye tonge la kwanza. Alikula vizuri, akashukuru, akamsifu mke wangu kwa maneno mengi. Nilipokuwa namsindikiza akaniambia, “Mwanangu, usimfanyie tena mwenzio hivi. Mwanamke apikishwe chapwa nyumbani kwake kwa ajili yangu, mie si mtu wa hivyo.” Nilimwalika tena na tena, akawa kila mara ana mechi ya kuchezesha, na wakati huo alikuwa ameshaacha kuchezesha zamani. Bi Mwanahawa miguu ilimchoka, akafunga banda akarudi kwao. Nikasikia Refa amelitoa jiko chini ya kitanda, anapika mwenyewe. Nikafarijika, nikaona sasa atapona.

Ikapita miaka. Siku moja nilikuja Temeke kwenye msiba wa mfanyakazi mwenzangu. Tukazika, tukala pilau la matanga, nikashiba hasa, na wakati wa kurudi nikapitia mitaa yetu ya zamani. Karibu na soko palikuwa na hoteli mpya, ya mama mmoja kijana, Mama Zuhura, wapagazi wa sokoni wamejaa wakila. Nikasikia kicheko nikakitambua kabla sijamwona mwenyewe. Alikuwa katikati ya benchi, vijana wanne wamemzunguka, na mbele yao sinia. Alikuwa anawagawia kitoweo. Miguu yake ilikuwa imevimba hata kandambili hazimwenei, na uso umejaa ule ujazo usio wa afya.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba! Eeh, kijana wangu wa kusini! Sogeeni nyie, huyu ni mtu wangu. Nawa, nawa, karibu!”

Nikanawa, maana mzee akikukaribisha hukatai. Nikatazama sinia. Papa mkavu wa nazi. Nikamega tonge, nikachovya, nikaonja, na ilikuwa chumvi kama maji ya bahari. Vijana walisimama wakashukuru, mizigo inawangoja sokoni. Tukabaki wawili na sinia lililopungua kidogo tu.

“Mzee,” nikasema, “na daktari?”

Aliendelea kumega. Hakukasirika.

“Daktari anakula na mkewe,” akasema.

“Lakini nilisikia unapika.”

“Nilipika. Nikapika kweli, kama alivyotaka. Naipua, napakua, nafunika, nakaa. Nafunua, nafunika tena. Inapoa. Asubuhi nawapa kuku wa jirani.” Alijilamba kidole. “Kula, mwanangu, mbona unatazama tu?”

Kumkataza nisingeweza, ningemkataza nimpeleke wapi, kwenye lile jiko na chakula kilichofunikwa? Kumwacha nisingeweza vilevile. Nikafanya kitu pekee kilichonijia: nikaanza kula. Tumbo lilikuwa limejaa pilau la msiba, lakini nilikula. Nilimega matonge makubwa, nikavuta vipande vya papa upande wangu bila adabu, nikachota mchuzi mpaka sinia likaanza kuonyesha bati. Kila tonge nililomeza mimi, yeye hakulimeza. Nilikula bila kuinua macho, chumvi inanichoma midomo.

Nilipoinua uso alikuwa ameacha kula. Ameweka mkono gotini, ananitazama, na sijamwona na furaha kama ile tangu siku za uhaba.

“Maskini, kumbe una njaa hivyo!” akasema. Akageuka jikoni, akainua mkono. “Mama Zuhura! Tuongezee sahani nyingine ya papa, ijaze! Mgeni njoo, mwenyeji apone!”